Usifute Logi, Zibane

Hakuna mwanachuo anayetupa logibuku yake ya fildi ili begi liwe jepesi. Lile daftari unatembea nalo wiki nane, kila jioni unaandika ulichofanya, msimamizi anatia saini, mwisho wa yote ofisi inagonga mhuri. Siku nyingine huna cha maana cha kuandika, unaandika tu "nilipanga mafaili" na maisha yanaendelea. Lakini hulitupi. Ukibishiwa kama kweli ulikuwepo, lile ndilo litakalokusemea.

Seva nayo ina logibuku yake. Mtu akiingia kwenye mfumo, ukurasa ukifunguliwa, rekodi ikibadilishwa, nywila ikikosewa, mstari mmoja unaandikwa: tarehe, saa, kompyuta ipi, jina la mtumiaji, aliomba nini, alikubaliwa au alikataliwa. Mistari hiyo inakusanyika kwenye mafaili tunayoyaita logi. Na hizo, tofauti na daftari lako, zinatupwa. Nimeona za miaka miwili zikitupwa kwa dakika moja.

Hoja yangu ni fupi. Kufuta logi kwa sababu diski imejaa ni tabia mbaya, imezoeleka kwenye ofisi zetu, na sisi tunaosomea kompyuta tunaiacha iendelee wakati dawa yake tunayo. Logi ikizeeka inabanwa, inawekwa, na siku yake ya kufutwa ikifika inafutwa kwa kanuni iliyoandikwa. Kubana kwenyewe ni mistari mitano ya bachi inayojiendesha kila wiki bila kumsumbua mtu. Najua neno "bachi" limeshawachekesha wengine. Tutafika.

Fildi yangu ilikuwa Mara. Ofisi iliyonipokea, ambayo sitaitaja, ina matawi Musoma, Bunda na Butiama, na mtu wa TEHAMA ni mmoja kwa yote matatu. Kwa hiyo nikawa mkia wake: leo tupo Musoma, kesho tumo kwenye gari la Bunda, keshokutwa tunashuka Makutano kutafuta usafiri wa Butiama. Musoma kulikuwa na seva ya kweli, yenye chumba chake na kiyoyozi kinachovuja. Bunda "seva" ilikuwa kompyuta ya mezani ya kawaida iliyopandishwa cheo. Ya Butiama ilikaa chini ya meza ya karani, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie, na hewa nayo isiingie. Mashine za namna hiyo diski zake ni ndogo. Watu wakianza kuutumia mfumo kila siku, logi zinanenepa kimya kimya, na siku diski ikijaa hifadhidata inakosa pa kuandikia. Mfumo unaganda.

Bunda uliganda Jumatatu asubuhi, foleni imefika nje. Mtu wetu wa TEHAMA alikuwa safarini na simu haipatikani. Akaitwa fundi wa mtaani, kijana mwepesi kweli kweli. Akatafuta folda iliyojaa, akakuta ni ya logi, akachagua mafaili yote, Shift na Delete, akawasha upya. Mfumo ukarudi. Meneja akamlipa na soda juu. Kwa haki yake, yule kijana alifanya alichoitiwa. Hakuna aliyemwambia yale mafaili ni ya nini, na hakukuwa na karatasi yoyote iliyosema yasiguswe.

Wiki tatu baadaye likaibuka jambo. Rekodi za wateja kadhaa zilikuwa zimebadilishwa mwezi uliopita, kwa jina la mtumiaji la mama mmoja wa kaunta. Mama akasema siku hiyo hakuwepo, alikuwa msibani. Meneja hakuwa mtu mbaya. Nilimsikia akimwambia, "Mama, mimi nakuamini, ila kwenye ripoti nitaandika nini?" Akajibiwa, "Andika nilikuwa msibani, baba. Watu wa msibani wapo, waulize." Lakini watu wa msibani hawawezi kusema nani aliketi kwenye kompyuta ipi saa tisa alasiri. Logi ingesema. Ingetaja kompyuta iliyotumika, ingetaja dakika, na ingeonyesha kama nywila ilikosewa mara mbili tatu kabla ya kukubali, kama inavyokuwa mtu akibahatisha ya mwenzake. Mpaka naondoka, mama alikuwa amehamishiwa masijala "kwa muda", na wenzake walishaanza kushusha sauti akipita.

Unaweza kusema hilo ni la kaunta moja ya Bunda. Basi tuvuke Sirari. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 8, 2017, matokeo ya urais yalipingwa Mahakama ya Juu. Agosti 28 mahakama iliiagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iwaruhusu walalamikaji kuangalia seva zake, zikiwemo logi za nani aliingia na lini. Ruhusa haikutolewa kikamilifu. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili, Jaji Mkuu akiwa David Maraga, walifuta matokeo yale, na kule kutofungua seva kulihesabiwa dhidi ya tume. Yalikuwemo na mengine kwenye hukumu, mambo ya fomu na saini, na siasa zake siziingii. Mimi naokota kimoja tu: mbele ya majaji wale, logi isiyoonekana haikuchukuliwa kuwa si kitu. Ilichukuliwa kama kitu kilichofichwa. Sasa ofisi inayofuta logi zake yenyewe, bila sababu nyingine zaidi ya uvivu, siku ikipelekwa mahakamani itajitetea kwa nini?

Huku kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali rekodi za kielektroniki kuwa ushahidi, na hakimu akipima uzito wake anatazama imetengenezwaje, imetunzwaje, imebaki nzima au imechezewa. Kwa ofisi za umma ipo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002. Kumbukumbu haziharibiwi kwa kujisikia, kuna utaratibu. Nenda masijala yoyote ujaribu kuchoma faili la mwaka 2009 uone utakavyofokewa. Ofisi hiyo hiyo logi zake zinafutwa na fundi wa kupita. Karatasi tumeiheshimu, diski bado. Pale Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na watu wanatoka mbali kuja kuona vitu ambavyo enzi zake vilikuwa vyombo vya kawaida tu vya nyumbani. Vipo kwa sababu kuna mtu hakuvitupa.

Kwa nini kubana, na si kununua diski kubwa? Kwanza kwa sababu logi inabanika kuliko karibu kila kitu. Kumbuka karatasi ya mahudhurio inavyozungushwa darasani. Wa kwanza anaandika kozi yake kwa kirefu, mwaka, tarehe. Wa pili anaweka vile viduara au vialama vya "kama hapo juu", wa tatu hivyo hivyo, mpaka karatasi inafika nyuma na kilichoandikwa upya ni majina na namba za usajili tu. Hiyo ndiyo kubana. Abraham Lempel na Jacob Ziv waliliandika wazo hilo kihisabati mwaka 1977: ukikutana na kipande ulichokwisha kukiona, usikirudie, elekeza nyuma kilipo na urefu wake. Phil Katz wa Marekani alitoa zipu mwaka 1989 juu ya msingi huo huo, na ndiyo hiyo CR wenu anayowatumia notisi kwenye grupu.

Mstari wa logi ni mahudhurio matupu. Tarehe ile ile, anwani ile ile, ukurasa ule ule wa kuingilia, mara elfu. Faili la namna hiyo mara nyingi linashuka hadi sehemu ya kumi ya ukubwa wake, au chini ya hapo. Picha na video hazishuki, zenyewe zimeshabanwa tangu zilipopigwa; wanaozipu albamu ya mahafali wanachosha prosesa bure. Nilipokuwa Musoma mwenyeji wangu alipenda kunifananishia na dagaa: wakianikwa juani wanapungua uzito, gunia moja linabeba wengi. Mfano mzuri, ila una dosari. Dagaa mkavu ukimloweka harudi kuwa mbichi. Logi uliyoizipu ukiifungua inarudi herufi kwa herufi, hata nukta haipungui, na ndiyo maana inafaa kuwa ushahidi.

Haya, bachi. Imekuja na MS-DOS mwaka 1981, na wengi wetu tumekutana nayo nusu saa tu kwenye somo la mifumo endeshi, kama unavyoonyeshwa mashine ya chapa ya zamani, halafu tukakimbilia Python na akili mnemba. Na Python naipenda, simkatazi mtu. Lakini jiweke mbele ya ile kompyuta ya chini ya meza. Haina Python. Huna nywila ya kusakinisha vitu vikubwa. Intaneti ni bando la simu yako mwenyewe. Ina Windows, na palipo na Windows bachi ipo. PowerShell? Ni bora zaidi ukiijua, ila kwenye Windows za kawaida skripti zake zimezuiwa mpaka mtu aziruhusu, na wewe wiki ya nane unaondoka. Faili la bachi hata karani analifungua kwa Notepad akaona folda gani inaguswa. Wenye Linux wana logrotate tangu zamani, wao hawana kesi hapa.

Hii ndiyo niliyoiacha Bunda, jina la folda tu nimelibadilisha:

@echo off
cd /d D:\logi || exit /b 1
for /f "delims=" %%f in ('forfiles /m *.log /d -30 /c "cmd /c echo @file"') do (
  7z a "%%~f.zip" "%%~f" && 7z t "%%~f.zip" && del "%%~f"
)

Amri ya forfiles inatafuta mafaili ya logi ambayo mara ya mwisho yaliandikwa siku 30 zilizopita au zaidi. Kitanzi cha for kinayachukua moja moja. Kila moja linabanwa na 7-Zip, programu ya bure ya Mrusi Igor Pavlov iliyopo tangu 1999, na unahitaji tu folda yake iwe kwenye PATH ya kompyuta hiyo. Hata hiyo ukikosa, Windows 10 za kuanzia 2018 zina amri ya tar ndani yake.

Angalia mstari wa nne, ndio moyo wa kitu chote. Zile && mbili zinasema: bana; ukifaulu, lijaribu hilo zipu kama linafunguka; likifunguka, ndipo ufute la zamani. Nimeona skripti za wenzetu zinazobana kwenye mstari mmoja na kufuta kwenye mstari unaofuata, bila kuuliza. Diski ikijaa katikati ya kubana, na kumbuka tumekuja hapa kwa sababu diski inajaa, unabaki na zipu bovu na logi imeshafutwa. Afadhali hata yule fundi wa Shift na Delete, yeye angalau hakujifanya anahifadhi. Wengine wanaweka sharti la %errorlevel% ndani ya mabano ya kitanzi wakidhani wako salama. Hawako salama. Bachi inasoma mabano yote kwa mpigo kabla kitanzi hakijaanza kuzunguka, kwa hiyo thamani inayoonekana ni ya kabla ya kazi, na kila faili litahesabiwa limefaulu. && haina ugonjwa huo.

Mstari wa pili nao usiuondoe kwa kuona hauna kazi. Skripti ikiendeshwa na Task Scheduler bila kuambiwa ianzie wapi, inaanzia ndani ya folda ya System32, kwenye matumbo ya Windows yenyewe. Kama diski D haijaunganishwa siku hiyo na skripti ikaendelea tu, itaanza kubana na kufuta logi za huko. Kwa hiyo: nenda kwenye folda, na ukiikosa, toka.

Zipo mbili alama za asilimia mbele ya f. Ukijaribu amri hii kwa kuiandika moja kwa moja kwenye dirisha jeusi unatumia moja. Ndani ya faili ni mbili. Hilo limewalaza watu macho kuliko mtihani wa kalkulasi.

Sasa mitego ambayo hutaikuta kwenye vitabu vya kigeni, kwa sababu walioandika hawajawahi kufanya kazi palipo na umeme wa kwenda na kurudi. Ile kompyuta ya Butiama betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma miaka mingi, mpaka mtu akumbuke kuirekebisha. Matokeo yake ni ya ajabu. Tarehe ikiwa imerudi nyuma, kwa kompyuta hakuna faili lililozeeka, yote yanaonekana yametoka mbele ya wakati, na skripti inapita bila kugusa kitu. Tarehe ikirekebishwa, logi iliyoandikwa jana wakati saa imepotea inaonekana ina umri wa miaka, inabanwa papo hapo. Mbaya kuliko yote, logi zenyewe zinakuwa na tarehe za uongo, na shahidi mwenye tarehe za uongo ni afadhali asije. Betri ile ni ya kidonge, bei yake haifiki hata ya chipsi mayai mbili. Inunuliwe kabla ya skripti.

Mtego mwingine ni wa XAMPP, ambayo ofisi nyingi ndogo zimeifanya seva ya kudumu ingawa haikutengenezwa kwa hiyo kazi. Apache yake inaandika kila kitu kwenye faili moja, access.log, kuanzia siku ya kwanza mpaka kiama. Kwa kuwa linaandikwa kila siku, faili hilo halizeeki, na kitanzi chako kitalipita kila wiki kikidhani ni la leo huku likinenepa. Dawa ni kutumia rotatelogs, programu ndogo inayokuja na Apache yenyewe, ifungue faili jipya kila siku. IIS ya Microsoft inafungua jipya kila siku bila kuambiwa, ila haifuti la zamani hata moja. Ndiyo maana zote mbili, kwa njia tofauti, zinaishia kujaza diski.

Wenzangu wa kishua watasema: diski siku hizi bei rahisi. Kwenye duka la Kariakoo, ndiyo. Kwenye ofisi ya umma diski hainunuliwi na mtu aliyeikosa; inaombwa, inaingizwa kwenye bajeti, inapita NeST, na mwaka wa fedha unaisha. Hata ikija, bila kitanzi itajaa tu, itachelewa kidogo. Na wanaosema pandisha kila kitu kwenye wingu, nawaomba wakae Butiama siku moja wakipandisha gigabaiti kumi kwa bando la mfukoni. Ukizibana kwanza, hapo tunaweza kuzungumza. Ila nikubaliane nao kwenye moja: zipu iliyobaki kwenye diski ile ile si bakapu. Diski ikifa, zinakufa zote. Za Bunda na Butiama tulikuwa tunazichukua mara moja kwa mwezi kwenye flashi kuzipeleka Musoma, na ubovu wa njia hiyo unaeleweka, flashi inapotea, ila ni bora kuliko kutokuwa na njia.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka kwa watu wa haki za faragha. Logi ni majina ya watu, saa walizoingia, mahali walipokuwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haitaki mtu arundike taarifa za watu kuliko anavyozihitaji. Je, kubana si kurundika kwa ujanja? Inaweza kuwa hivyo. Skripti yangu haisemi zipu zikae mpaka lini, na hilo silo la kuamuliwa na mwanafunzi wa fildi. Ofisi inatakiwa ikae chini iandike: logi za mfumo huu zinakaa miaka kadhaa, sababu ni hii, baada ya hapo zinafutwa, na anayefuta ni fulani, na anasaini. Zikishaandikwa hivyo, kitanzi cha pili cha kufuta ni kazi ya dakika tano. Na folda yenyewe ifungwe, isiwe ya kila mwenye kiti kuchungulia nani aliingia saa ngapi. Tofauti ya kufuta kwa tarehe iliyopangwa na kufuta kwa sababu foleni imefika nje, yule mama wa kaunta anaijua kuliko mwanasheria.

Ninachotaka kwa idara zetu ni kidogo. Sasa hivi ripoti ya fildi inaomba kurasa za "changamoto nilizokutana nazo", na kila mwaka sote tunaandika zile zile: uhaba wa vifaa, intaneti hafifu, muda mfupi. Wahadhiri wanasoma, wanaweka tiki, tunafaulu. Iongezwe sharti moja: kila mwanafunzi wa kompyuta anayekwenda fildi aache nyuma yake kitu kimoja kinachofanya kazi, hata kama ni hivi vimistari vitano, na msimamizi wa ofisi athibitishe kwenye logibuku kwamba kilijaribiwa mbele yake. Kujaribiwa maana yake si kukiona kinazunguka. Ni kuchukua zipu moja ya zamani, kuifungua, na kuonyesha mstari wa siku fulani saa fulani. Wanafunzi wa kilimo wanaacha vitalu vya miche, wa ualimu wanaacha zana za kufundishia. Sisi tunaacha nywila ya Wi-Fi tuliyoivumbua.

Na kikiachwa, kiachwe na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: skripti iko folda gani, inaendeshwa siku gani, zipu zinakwenda wapi, ukitaka kusoma ya zamani ufanye nini, diski ikikaribia kujaa tena umpigie nani, na kwa herufi kubwa, FOLDA HII ISIFUTWE HATA MFUMO UKIGANDA. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani juu ya mashine, isihifadhiwe ndani ya kompyuta hiyo hiyo.